Sura ya Nne: Mji Uliosimama juu ya Karatasi

Kila yanapotajwa maisha ya mashamba katika Marekani, watu huuliza swali moja ambalo nimelisikia likirudiwa kwa maneno mbalimbali: mji wenye watu elfu moja na kitu, uliozungukwa na tambarare kavu isiyo na mto wa maana wala msitu wala bandari, unawezaje kuitwa makao makuu ya serikali, na hao wakazi wake wanangoja nini hapo wasihame?

Swali hili si la dharau. Mtu aliyezaliwa Tanga au Lamu amezoea kuona kila mji una sababu inayoonekana kwa macho: pana ghuba ya kutia nanga, au kisima kitamu, au njia panda ya misafara, na hata serikali ilipojenga boma lake, aghalabu ilifuata mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kukaa. Boise City, mji mdogo ulioko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Oklahoma, ulipoanzishwa mwaka 1908 haukuwa na hata moja katika sababu hizo. Haukuwa na reli wala chemchemi, na njia ya Santa Fe, ambayo wafanyabiashara wa karne ya 19 waliipitia na mikokoteni yao si mbali na hapo, ilikuwa imekwisha kufa tangu garimoshi lilipofika Santa Fe mwaka 1880. Sura hii itajaribu kuonyesha kwamba mji huo ulizaliwa na karatasi, na ya kwanza katika karatasi hizo ilikuwa ya uongo. Kwamba hata leo unaishi kwa karatasi, ila hizi ni za kweli. Na kwamba kitu kimoja ambacho karatasi haikiamuru, nacho ni maji, ndicho kinachokata shauri la idadi ya watu watakaobaki kuzisoma.

Kaunti ya Marekani si kaunti ya Kenya

Msomaji wa Kenya, ambaye kwa katiba ya mwaka 2010 amezoea kaunti 47, kila moja na gavana wake na baraza lake, ni vema aiweke kando picha hiyo kwa muda. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na jimbo la Oklahoma peke yake lina 77. Kaunti ya huko haina gavana, kwa kuwa gavana ni wa jimbo zima. Huongozwa na makamishna watatu waliochaguliwa, pamoja na maafisa wachache ambao kila mmoja huchaguliwa kwa kura yake na kushika kazi yake mwenyewe. Makao makuu ya kaunti ni mji uliotajwa kisheria kuwa ndimo zitakamokuwa afisi hizo, mahakama, jela na madaftari.

Kaunti ya Cimarron, ambayo Boise City ni makao makuu yake, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,770, yaani karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Unguja ina watu wanaopita milioni moja. Cimarron, kwa hesabu ya mwaka 2020, ilikuwa na watu 2,296, na kati yao 1,166 walikaa Boise City. Kaunti hii imesukumwa mbali kabisa na jimbo lake, hata imepakana na majimbo mengine manne, nayo ni Kansas, Colorado, New Mexico na Texas, jambo lisilopatikana katika kaunti nyingine yoyote ya Marekani. Na mtu aliyesimama Boise City yuko karibu zaidi na Santa Fe na Denver, miji mikuu ya majimbo ya jirani, kuliko Oklahoma City, ulio mji mkuu wake mwenyewe. Katika kijiji cha Kenton, magharibi ya kaunti hiyo, watu hata saa wamekataa kuifuata ya jimbo lao, wakaifuata ile ya majirani wa milimani, iliyo nyuma kwa saa moja.

Nchi yenyewe huitwa Nyanda za Juu. Asiichanganye msomaji na vilima vya Mbeya na Iringa: hapa ardhi ni bapa, nayo hupanda polepole kutoka mto Mississippi kuelekea Milima ya Rocky, hata msafiri asijue kuwa amepanda. Boise City iko mita zipatazo 1,270 juu ya bahari bila ya kuwapo kilima cha kuushuhudia mwinuko huo, na mahali pa juu kuliko pote katika Oklahoma, mlima wa kichwa bapa uitwao Black Mesa, wenye mita 1,516, umo katika kaunti hii hii. Mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 450, pungufu ya ile ya Dodoma. Wataalamu husema nchi ya namna hii ni nusu kame, na maana yake ni kwamba si jangwa, kwa kuwa majani huota na mazao huweza kupatikana, lakini jua na upepo vina nguvu ya kunywa maji mengi kuliko yale yanyeshayo, na hivyo mkulima huishi kwa miaka mizuri akijua kuwa mibaya iko njiani. Upepo hauna kizuizi. Wakati wa baridi huleta theluji kutoka kaskazini, na wakati wa joto hukausha nguo kabla hazijamaliza kuanikwa.

Kanda isiyokuwa na mwenyewe

Ili kufahamu kwa nini karatasi ilipata heshima kubwa namna hii, yatupasa kurudi katika wakati ambapo haikuwapo kabisa. Texas ilipoingia katika Marekani mwaka 1845 iliingia kama jimbo la watumwa, na kwa mujibu wa mapatano ya zamani utumwa haukuruhusiwa kaskazini ya mstari wa nyuzi 36 na dakika 30; basi mwaka 1850 Texas, ili ishike utumwa wake bila ya ugomvi, iliacha madai yake juu ya ardhi iliyopita mstari huo. Miaka minne baadaye mpaka wa Kansas ukachorwa katika nyuzi 37. Kati ya mistari hiyo miwili ikasalia kanda yenye upana wa kilomita 55 na urefu wa kilomita 270 hivi, ambayo haikuwa ya jimbo lolote, kwa sababu waliochora mstari wa kwanza na waliochora wa pili hawakuwa wakifikiri jambo moja.

Kwa muda wa miaka arobaini, tangu 1850 hata 1890, kanda hiyo haikuwa na mahakama wala polisi wala mtoza kodi. Wako watu ambao wakisoma habari hii husema, laiti ningezaliwa huko! Walakini walioishi humo hawakuiona kuwa ni pepo. Mtu aliweza kujenga nyumba ya matofali ya udongo wa nyasi, akalima, akachimba kisima, na asiwe na njia yoyote ya kuthibitisha kuwa mahali hapo ni pake, kwa kuwa hapakuwa na afisi ya kuandikia ardhi. Hakuweza kukopa kwa dhamana ya shamba, wala kuliuza kwa salama, wala kuwarithisha watoto kwa namna ambayo mgeni mwenye bunduki angelazimika kuiheshimu. Mwaka 1887 walowezi wakajaribu kujiundia serikali yao wenyewe, wakaiita Himaya ya Cimarron, lakini Bunge la Marekani halikuikubali.

Tena katika kanda hii, mwezi wa Julai 1888, sherifu mmoja wa Kansas (sherifu ni mkuu wa polisi wa kaunti, naye huchaguliwa kwa kura) aliuawa pamoja na watu wake watatu, katika uhasama ulioanzia kwenye ushindani wa miji miwili ya Kansas juu ya ni upi utakaokuwa makao makuu ya kaunti. Waliotuhumiwa walishitakiwa Texas, wakahukumiwa kunyongwa, kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu. Watu wanne walikufa kwa ajili ya ugomvi ambao asili yake ni wapi litakapojengwa jumba la makarani. Habari hii yatosha kumwonyesha msomaji kwamba neno makao makuu, ambalo kwetu huenda likasikika kama heshima tupu, huko lilikuwa ni uhai au kifo cha mji.

Kwa muhtasari: kanda hii ilitiwa katika Himaya ya Oklahoma mwaka 1890, na Oklahoma ilipokuwa jimbo mwaka 1907 ikakatwa vipande vitatu, yaani kaunti za Beaver, Texas na Cimarron. Cimarron ndiyo ya magharibi kabisa. Makao yake ya muda yakawa Kenton, na kura ya mwaka 1908 ikayahamishia Boise City.

Miti iliyoota katika tangazo

Mji huo ulioshinda kura ulikuwa ni mji wa namna gani? Kampuni iitwayo Southwestern Immigration and Development, yenye afisi katika mji wa Guthrie, ilipiga chapa vijitabu vya kuusifu na kuvitawanya mbali. Ndani yake aliyesoma aliona mji mzuri wenye njia zilizosakafiwa, miti ya kivuli pande zote mbili, maduka mengi, reli, na kisima kinachobubujika chenyewe bila ya pampu. Viwanja vipatavyo 3,000 viliuzwa kwa sifa hizo. Wanunuzi walipowasili na mizigo yao na watoto wao walikuta nyasi, upepo, na vigingi vilivyoonyesha mahali zitakapokuwa njia. Na tena waliouza hawakuwa na hati ya kumiliki ardhi waliyoiuza.

Kwa kuwa vijitabu vile vilipelekwa kwa posta, na posta ni mali ya serikali ya Marekani yote wala si ya jimbo, ulaghai huo uligeuka kuwa kosa la taifa, na wakubwa wawili wa kampuni hiyo walitumikia kifungo katika gereza la serikali la Leavenworth, Kansas. Simulizi za mji huu aghalabu huishia hapo, kwa kicheko. Mimi naona wamekipita kilicho muhimu. Matapeli wa viwanja wamepatikana kila zama na kila nchi, na Dar es Salaam na Nairobi hazina haja ya kujifunza elimu hiyo kutoka Oklahoma. Kilicho ajabu ni kwamba baadhi ya waliotapeliwa walibaki. Walikuwa wamekwisha kuuza vya kwao. Nauli ya kurudi hawana. Na ardhi ya kandokando, ambayo serikali iliwagawia walowezi ekari 160 kila aila kwa sharti la kukaa na kulima, ilikuwa ya kweli hata kama kiwanja cha mjini kilikuwa cha uongo. Basi wakakaa, wakapiga kura, wakaipa Boise City makao makuu. Na kwa kitendo hicho wakatia nanga ambayo wale walaghai hawakuiwaza.

Baada ya hapo uongo ulianza kulipwa kidogo kidogo. Reli iliyotangazwa mwaka 1908 ilifika mwaka 1925. Mwaka 1926 likamalizika jumba la mahakama, la matofali, katikati ya uwanja wa mji, ambalo lingalipo. Na barabara kuu kadhaa za taifa zilipokuja kupita, zilikutana na jumba hilo zikalazimika kulizunguka, hata kwa miaka mingi lori lililobeba ng'ombe kutoka Texas kwenda Colorado lilipunguza mwendo na kuuzunguka uwanja wa mahakama kabla ya kushika njia yake.

Kinachofanyika ndani ya jumba

Ardhi ya sehemu hii ilipimwa kabla ya kugawiwa walowezi. Wapimaji wa serikali, wakianzia katika mstari mmoja wa kupimia uliowekwa mwaka 1881, waliigawa nchi katika miraba ya maili moja kwa maili moja, na kila mraba, uitwao seksheni, una ekari 640. Robo yake ni zile ekari 160 za mlowezi. Kwa hiyo shamba la huko halitajwi kwa mwembe wala kwa kijito. Hutajwa kwa namba: robo ya kaskazini-mashariki ya seksheni fulani, katika safu fulani. Njia za vumbi na kokoto hufuata kingo za miraba hiyo, maili kwa maili, zikinyooka mpaka macho yachoke.

Nchi isiyo na alama nyingine ila namba hutegemea sana daftari lililoandikwa namba hizo, na daftari liko Boise City. Wafuatao ndio wanaolihudumia, pamoja na mambo yanayofungamana nalo:

– karani wa kaunti, ambaye husajili hati za mauzo, rehani na mirathi ya ardhi;
– mthamini, ambaye hukadiria thamani ya kila shamba na kila nyumba;
– mweka hazina, ambaye hupokea kodi inayotokana na makadirio hayo;
– karani wa mahakama, ambaye hutunza kesi, ndoa na talaka;
– sherifu na askari wake;
– makamishna watatu, ambao kazi yao kubwa, kwa kusema kweli, ni barabara za kokoto.

Katika hao wote, karani wa kaunti ndiye ningemwomba msomaji amtazame kwa makini. Kusajili hati maana yake si kuifungia kabatini. Ni kuutangazia ulimwengu kwamba kuanzia siku hiyo hakuna awezaye kudai kuwa hakujua shamba ni la nani. Mnunuzi asiyesajili hati yake huweza kupokonywa na mnunuzi wa pili aliyemtangulia kufika dirishani. Na mweka hazina naye ana uzito wake, kwa sababu sehemu kubwa ya kodi ya ardhi huendea shule, na shule, katika mji wa namna hii, ndiyo mwajiri, ndiyo uwanja wa michezo, na ndiyo mahali ambapo mtu aliyekaa maili thelathini kutoka kwa jirani yake hukutana naye usiku wa Ijumaa.

Kadhalika panapokuwa na makao makuu, vitu vingine hujisogeza: hospitali ndogo, gazeti la kila wiki, afisi ya kilimo ya serikali kuu, benki, duka la vipuri, na sikukuu. Sikukuu ya Boise City hufanywa mwezi wa Juni kwa kuikumbuka njia ya Santa Fe, na mojawapo ya mashindano yake ni kuchimba mashimo ya nguzo za uzio kwa mkono, ambayo wenyewe huyaita ya ubingwa wa dunia. Sijasikia nchi iliyokuja kuwapinga.

Ngano, kisha vumbi

Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha bei ya ngano, na serikali ya Marekani ikamhakikishia mkulima zaidi ya dola mbili kwa kila busheli, kipimo cha nafaka chenye uzito wa kilo 27 hivi. Miaka ya 1920 mvua ilikuwa njema na trekta zikaenea. Wakaja hata wakulima wa sanduku, yaani watu wa mijini waliofika na sanduku la nguo, wakalima, wakapanda, wakaondoka, wakarudi kuvuna. Nyasi fupi za asili, ambazo mizizi yake ilikuwa imeushika udongo huo tangu zama zisizojulikana, ziligeuzwa juu chini kwa jembe la diski. Mwaka 1930 Kaunti ya Cimarron ilikuwa na watu 5,408, idadi ambayo haijapata kuiona tena.

Mwaka 1931 mavuno yalikuwa makubwa mno na bei ikaanguka hata ngano ikawa haina faida kuibeba. Kisha mvua zikakata. Udongo uliolimwa na kuachwa uchi ukaanza kupaa, na Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi la vumbi, refu mithili ya ukuta, lilitokea kaskazini likaifunika nchi mchana, hata mtu asione mkono wake. Mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, Robert Geiger, lilimkuta barabarani maili chache kutoka Boise City, na habari aliyoituma baada ya siku hiyo ndiyo iliyolieneza jina la Bakuli la Vumbi, ambalo nchi hiyo ingali ikiitwa. Mwaka uliofuata mpiga picha Arthur Rothstein alipiga katika kaunti hii picha ya mkulima na wanawe wawili wakikimbilia kibanda kilichozikwa nusu na mchanga. Ni katika picha mashuhuri kuliko zote za wakati ule.

Kabla ya mwezi ule wa Aprili kwisha, serikali iliunda idara ya kuhifadhi udongo, ambayo iliwafundisha wakulima kulima kwa kufuata mkunjo wa ardhi na kuacha mabua shambani; mashamba mengine, yaliyoharibika kupita kiasi, iliyanunua na kuyarudisha katika nyasi, na baadhi yake sasa ni sehemu ya hifadhi ya malisho ya Rita Blanca. Tangu mwaka 1985 hutoa malipo ya kila mwaka kwa mkulima anayekubali kuiacha ardhi yake dhaifu iote majani. Mtu aweza kuona ajabu kwamba serikali iliyompa mtu ardhi kwa sharti la kuilima inamlipa mjukuu wake asiilime. Mimi naona kuwa ni katika mara chache ambapo serikali ilisoma hesabu yake ya zamani ikakiri kuwa haikulingana.

Ajali ya mwaka 1943

Haitakuwa haki kuliacha tukio moja, ijapokuwa halibadili hoja yetu sana. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai 1943, ndege ya kivita aina ya B-17, iliyoruka kutoka kambi ya mafunzo ya Dalhart, Texas, ilikuwa ikitafuta shabaha ya mazoezi iliyowekewa taa nne. Rubani na wenzake walipotea njia. Wakaona chini, katika giza lililoenea pande zote, taa za uwanja wa mahakama ya Boise City, wakaangusha mabomu sita. Yalikuwa ya mazoezi, yamejaa mchanga na baruti kidogo, yakaharibu gereji na kanisa wala hayakumwua mtu. Husimuliwa kwamba fundi wa umeme alizizima taa za mji na ndege ikaenda zake. Mji sasa una ukumbusho wa bomu, na wageni hupigia picha hapo.

Maji yaliyo chini

Chini ya Nyanda za Juu, kuanzia South Dakota mpaka Texas, yapo mawe na mchanga uliohifadhi maji ya kale. Mkusanyiko huo huitwa Ogallala, na umepita chini ya majimbo manane. Walowezi wa kwanza waliyafikia kwa kisima na pampu ya upepo, kiasi cha kunywesha ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Pili pampu zenye injini za gesi ziliweza kuyavuta kwa wingi, na mwaka 1952 mkulima wa Colorado, Frank Zybach, alipata hataza ya chombo chake: bomba refu lililobebwa na magurudumu, ambalo limefungwa kisimani upande mmoja na kulizunguka shamba kama mkono wa saa likinyunyiza. Ndiyo maana msafiri aliye katika ndege huona chini maduara ya kijani ndani ya miraba, na katika kila pembe ya mraba kipande kikavu ambacho bomba halikufika.

Kwa maji hayo mahindi yalistawi, na malisho ya ng'ombe, na mji ukakaribia watu 2,000 katikati ya karne. Lakini maji ya kale hurudi polepole sana panapokosekana mvua, na mahali pengi kusini mwa Ogallala kimo chake kimeshuka, hata visima vingine vikachimbwa upya na vingine vikaachwa. Kwa sheria ya Oklahoma maji ya chini ni mali ya mwenye ardhi, ila yampasa apate kibali cha jimbo kabla ya kuyavuta kwa kilimo. Kibali ni karatasi njema, lakini kisima hakijui kusoma.

Palipopungukiwa maji hurejea mtama. Mmea huu, ambao asili yake ni bara la Afrika na ambao bibi zetu waliutwanga kabla mahindi hayajawapiku, huvumilia kiu kwa kusimamisha ukuaji wake ukingoja mvua, na ndio uliolishikilia shamba la Nyanda za Juu mahali ambapo mahindi yalikata tamaa. Hapo zamani kaunti hii na jirani zake zilipanda hata aina yake yenye suke la kutengenezea mifagio. Mswahili akipita katika mashamba ya Cimarron mwezi wa Septemba, hiki ndicho kitu ambacho hatahitaji kuelezwa.

Nani amebaki

Turudi katika hesabu ya watu. Mwaka 1930 kaunti ilikuwa na watu 5,408 na mji ulikuwa na watu 1,250 hivi, yaani pungufu ya robo ya wote. Mwaka 2020 kaunti imepoteza zaidi ya nusu ya watu wake, ilhali mji, baada ya kupanda na kushuka, una 1,166, karibu sawa na mwanzo, nao sasa ni zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Waliokwenda ni watu wa mashamba, kwa kuwa trekta moja hufanya kazi ya aila kumi na robo ya seksheni haimlishi mtu tena. Mji umesimama, kwa sababu idadi ya seksheni haikupungua: ardhi ni ile ile, na kila robo yake yahitaji kuthaminiwa, kutozwa kodi, kurithiwa na kuandikwa, awe mwenyewe yuko au hayuko. Wanaouita mji huu mfu hupima kwa idadi ya watoto, na hapo wana haki. Lakini afisi haihesabu hivyo.

Chukua mfano wa kubuni. Mlowezi alipata robo ya seksheni, akaacha watoto watano, na kila mmoja wao akaacha watatu. Wajukuu kumi na watano wanakaa Denver, Dallas, California, na hawajapata kuliona shamba. Zaidi ya hayo, sheria ya huko huruhusu kutenga haki ya kulima juu na haki ya mafuta na gesi iliyo chini, hata babu aliweza kuuza udongo akabakiza kilicho chini yake kwa ajili ya wanawe. Siku kampuni ya gesi itakapotaka kuchimba, itampeleka wakala ambaye kazi yake ni kuifuatilia miliki kutoka mkono hata mkono, tangu hati ya kwanza ya serikali mpaka kwa yule mjukuu aliyeko California, na zamani wakala huyo alilazimika kukaa siku nyingi mbele ya madaftari ya karani wa kaunti, akila na kulala Boise City. Siku hizi hati nyingi zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, na sehemu ya kazi hiyo hufanyika mbali bila ya mtu kununua hata kikombe cha kahawa mjini. Hata hivyo hati mpya haiwi na nguvu kamili mpaka isajiliwe katika kaunti ilimo ardhi yenyewe, na karani anayeisajili sharti achaguliwe kwa kura za wenyeji wa kaunti hiyo, wawe elfu tano au elfu mbili.